Watoto Waliopelekwa Jikoni

Kibuye, Kisumu
Jumamosi, 7 Juni 2025

Kwa Mwalimu Nasike,

Sikusalimii. Salamu nilikupa kwa simu ukanikatia, kwa hivyo leo nakuandikia kwa karatasi, maana mwalimu hawezi kuona karatasi imeandikwa akaiacha bila kufika chini. Nimempa dereva wa gari la Pap Onditi pamoja na kikapu. Kikapu ni cha Nduta. Barua ni yako.

Mimi ni Waithira, mama yake Nduta, yule anayefanya mazoezi ya kufundisha hapo kwenu, uliyepewa umlee. Nauza nyanya na viazi hapa soko la Kibuye, na ukiuliza Mama Nduta ni nani, hata mtoto mdogo atakuonyesha meza yangu. Shule niliachia darasa la sita. Sijui kama unaelewa ni kitu gani mtu wa darasa la sita kuzaa mwalimu. Siku Nduta alipoitwa chuoni nilifunga meza kutwa, na mimi sifungi meza hata kukiwa na maandamano. Bwana Kamrudin wa vitambaa, ambaye mwaka ule wa fujo za uchaguzi alinificha stoo kwake na huyo Nduta mgongoni, alimkatia kitambaa cha sketi bila kuitisha chochote. Akasema, "Mama Nduta, mwalimu hawezi kusimama mbele ya watu na sketi moja." Kibuye nzima inamwita Mwalimu. Ni wewe peke yako unayemwita mwanafunzi.

Sasa niambie. Jumatano mkaguzi wa chuo alikuja, Bwana Mburu, mtu wa kwetu kabisa. Akakaa, akasikiliza, watoto wakainua mikono kama wanashangilia mpira. Akampa themanini na mbili! Akamwambia mbele ya mwalimu mkuu kwamba mwaka huu hajaona darasa kama hilo. Halafu wewe ukamfuata mpaka kwa gari lake ukamnong'onezea, na kabla hajafika Awasi alama zimefutwa. Ati Nduta akaguliwe upya mwezi wa saba, kama mwizi anayerudishwa kortini.

Na kosa ni nini? Ati watoto watano hawakuwa darasani. Watano, na darasa limejaa mpaka dirishani! Tena hawakupotea. Walikuwa jikoni wanamsaidia mpishi kuchagua maharagwe. Na ukitaka kujua, hiyo akili nilimpa mimi. Ndiyo. Nilimwambia, mteja akija, nyanya nzuri zikae juu. Zilizopondeka hazitupwi, zinakaa chini, jioni watu wa mchuzi watazichukua. Hivyo ndivyo nimelea watoto wangu na hakuna mtu amewahi kunipeleka kwa chifu. Wewe umeona wapi mtu akipanga mbovu juu?

Wacha niseme kile wengine wanaogopa kusema. Kama jina lake lingekuwa la kabila la huko, ungemfanyia hivyo?

Rudisha alama za mtoto wangu.

Ni mimi ambaye sitanyamaza,
Waithira, Mama Nduta

Ndizi zilizo kwenye kikapu ni za Nduta, lakini nimemwambia akupe kichane kimoja. Sitaki useme watu wa Kibuye ni wachoyo.


Shuleni, Pap Onditi
11 Juni 2025

Mama Nduta,

Simu nilikata kwa sababu nilikuwa mbele ya watoto na sauti yako ilikuwa inasikika mpaka dawati la nyuma. Walicheka. Sikupenda wakucheke.

Kuhusu kabila, mimi ni Mbukusu niliyeolewa huku Nyakach. Miaka yangu ya kwanza hapa niliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwa mkono huu unaosahihisha vitabu vya watoto. Hilo usiniletee tena.

Bwana Mburu sikumnong'onezea. Nilimwambia kwa sauti, Nduta akiwa amesimama hapo hapo, kwamba darasa aliloliona silo darasa lenyewe. Nilimwomba aje siku nyingine aone watoto wote. Alikasirika, akafuta.

Sikujua kwamba wazo ni lako. Nduta alijitetea kwa maneno mengi lakini hilo hakulisema. Alikuficha. Sasa umejitaja mwenyewe, na kwa majivuno, basi nami nikujibu. Mteja wako akifika nyumbani anafungua mfuko anazikuta zile za chini. Wewe wakati huo umeshafunga meza. Mimi ndiye ninayebaki na mfuko, Mama Nduta. Mkaguzi anakuja saa moja, anaondoka. Nduta anakaa muhula mmoja, anaondoka. Mimi ninabaki.

Wanne kati ya wale watano walirudi darasani kesho yake. Wa tano hajarudi mpaka leo. Anaitwa Rosa, yuko gredi ya nne, anaishi na nyanyake. Mwaka jana alikuwa hafungui mdomo kabisa. Tangu Januari nimekuwa nikikaa naye wakati wa chai, neno moja, kesho neno lingine, na mwezi wa tano akaanza kusoma sentensi nzima akifuata kwa kidole. Wale watoto wengine wamenieleza ilivyokuwa siku ile. Nduta alisema, "Kuna wachache watakwenda kumsaidia mpishi." Rosa akasimama mwenyewe, kabla jina lake halijatajwa.

Nduta hatafundisha darasa hilo mpaka Rosa arudi. Na atakayemrudisha ni Nduta. Si mwalimu mkuu, si mimi, na tafadhali sana, si wewe.

Ndizi nimepata. Asante.

Mwalimu Nasike Waliaula


Kibuye
14 Juni 2025

Nduta, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Huyo mwalimu wako amenijibu. Mwandiko mzuri, roho sijui.

Mbona hukuniambia kuna mtoto ameacha shule? Uliniambia mwalimu ana wivu na sketi zako. Mimi nikaandika barua kama simba, nikamsomea Mama Wendy wa vitunguu akapiga makofi. Sasa nimejibiwa na sina la kusema, na unajua mimi nikikosa la kusema naumwa kichwa siku mbili.

Lakini usifikiri nimehamia upande wake. Sikukupeleka chuo ukakimbize watoto kwenye mashamba ya watu. Mtoto akikataa shule, si kuna chifu? Wewe kaa hapo, andika maandalio yako ya somo vizuri, piga pasi sketi. Huyo Bwana Mburu nitamtafuta. Hawezi kumwacha mtoto wa nyumbani aanguke. Nitajua nyumba yao ni ya wapi, na mama yake anauza nini.

Mama Wendy ananiuliza Mwalimu ameendeleaje. Nimemwambia umefaulu, wanasubiri muhuri tu. Usinifanye mwongo.

Na uniambie kitu kimoja. Ni kweli alisimama kabla hujamtaja?

Jibu kwa karatasi. Ukinipigia utalia, na mimi nikisikia unalia hasira yangu yote inaisha.

Mama yako


Pap Onditi
22 Juni 2025

Mama,

Ndiyo. Alisimama kabla sijamtaja. Na nilifurahi, Mama. Nilifurahi kwamba sitalazimika kulitamka jina lake.

Nimekwenda kwao. Siku ya kwanza nyanyake alikuwa mlangoni anakwangua miguu ya mbuzi kwa kisu, hakuinua kichwa. Nikajitambulisha. Akaniita mwalimu kwa Kijaluo, "Japuonj, hapa hatuna maharagwe ya kuchagua." Akaingia ndani akafunga. Wewe unajua ninavyoogopa mbwa, nami nilirudi kesho yake na mbwa alikuwepo. Nikarudi tena. Siku hiyo Rosa alikuwa nje anaanua vile visamaki vya omena. Nikachutama tukaanua pamoja mpaka turubai likabaki tupu. Nilimwambia nilikosa. Nikamwambia darasa linamngoja. Hapo ndipo akaniuliza, kwa adabu kabisa:

"Yule mgeni anarudi lini?"

Nikasema, "Jumatano, tarehe kumi na sita mwezi ujao."

Akafikiri. "Basi mimi nitakuja Alhamisi."

Mama, hakuwa ananitania. Alikuwa ananisaidia.

Nilitembea mpaka shuleni sioni njia. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi. Kila mara mtu akikuuliza habari zangu unanipandisha cheo kabla sijapanda. Nilipoambiwa mkaguzi anakuja sikuwaza watoto hata kidogo, niliwaza wewe na Mama Wendy na Kibuye nzima. Nilikuwa nakupangia meza yako. Sisemi ni wewe uliyewatoa darasani. Ni mimi, na mlango niliufungua kwa mkono wangu.

Usimtafute Bwana Mburu. Usimwandikie Mwalimu Nasike. Usije huku, Mama, nakuomba. Hili niachie.

Nduta


Kibuye
29 Juni 2025

Mwalimu Nasike,

Habari yako. Leo nimekusalimia, umeona.

Nduta amenikataza kukuandikia na amenikataza kuja. Nimefanya yote mawili. Usimwambie.

Nilikuja huko kwenu siku ya soko, kumtafuta nyanyake Rosa. Nilisema, hii si ni kazi ya soko, mimi ndiyo kazi yangu, nitaimaliza kabla ya saa sita. Nikapitia dukani kwa Bhavin, yule Mhindi wa sare, nikanunua sweta ya shule, ile ya kijani, nikamwambia anipe nzuri kabisa. Nikauliza anayeuza omena mwenye mjukuu Rosa, nikaonyeshwa. Nikaweka sweta mbele yake. Nikamwita bibi kwa lugha yao, "Dana, mimi ni mama yake mwalimu."

Akaiangalia sweta, akaniangalia mimi. "Mwalimu yupi?"

"Nduta."

Mwalimu, huyo mama alicheka mpaka akashika kiuno. Akawaita wenzake, "Njooni muone, mama ya yule wa maharagwe amekuja!" Soko lote likageuka. Mimi! Mimi ambaye Kibuye nikikohoa watu wananyamaza! Nikamwambia asinidharau. Akaniambia, "Toa nguo yako juu ya omena yangu. Mjukuu wangu ana sweta. Alichonyang'anywa hakiuzwi kwa Mhindi."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu kali sana. Lakini mtoto alikuwa nyuma yake, mdogo kuliko nilivyofikiria, anafunga omena kwa magazeti ya zamani. Huyo bibi akaniambia kwamba tangu Januari mtoto alikuwa anasoma yale magazeti kabla ya kufunga. Neno moja kwa kila mteja. Wateja wengine walikuwa wanangoja wapewe neno lao, mzee mmoja wa boda boda alikuwa anasema leo nimepewa neno gumu, kesho nataka rahisi. Sasa anafunga tu.

Nikanunua omena ambayo hata sijui kuipika. Mtoto akanifungia. Nikamwambia, "Nisomee neno langu." Akaangalia viatu vyangu. Akasema, "Mimi nafunga tu."

Tangu siku hiyo nina hasira na sijui niiweke wapi. Nimegombana na Mama Wendy. Nimemfokea mteja aliyebonyeza nyanya, na kubonyeza ni haki yake. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba hiyo akili nilimpa mimi, na siwezi kufuta, karatasi unayo. Lakini na wewe nimekukasirikia, Mwalimu! Wewe si ndiye mlezi? Asubuhi ile ulikuwa wapi? Mbona hukupita kwenye hilo darasa ukaona madawati matupu kabla mgeni hajakaa? Umemwadhibu wangu na alistahili, sasa nani alikuuliza wewe?

Nijibu hilo.

Waithira

Sweta nimeiacha kwa mpishi wenu. Mpe mtoto yeyote, lakini usiseme imetoka kwa nani.


Shuleni
17 Julai 2025

Mama Nduta,

Hakuna aliyeniuliza. Asubuhi ile nilikuwa ofisini nikimkaangia mkaguzi mayai, kwa sababu shule zote zinafanya hivyo na mwalimu mlezi akikosa kufanya hivyo wanasema hana heshima. Nilisikia sauti za watoto jikoni, upande wa pili wa ukuta. Sikutoka kuangalia, mayai yangeungua. Umeuliza, nimekujibu.

Sasa jana. Nakuandikia kabla Nduta hajakusimulia, maana yeye atajilaumu na hatasema kweli.

Mwanao alikuwa akienda kwao Rosa kila jioni baada ya masomo. Hakumbembeleza tena. Alikuwa akifunga omena. Juma lililopita alimwambia, "Jumatano nitakuita wewe wa kwanza, na sitamwita mwingine mpaka umalize. Hata kengele ikilia." Aliponiarifu nikamwambia, Nduta, hiyo ahadi ni kubwa kuliko dakika thelathini na tano. Akasema ameshaitoa.

Jumatano Rosa alikuja. Hakuna aliyeamini. Alikaa mstari wa mbele, mikono chini ya mapaja.

Bwana Mburu alikaa nyuma, karibu na mlango. Nduta akaandika sentensi ubaoni, akasema, "Rosa, tusomee." Kimya. Kuna mvulana anaitwa Walter ambaye hawezi kukaa na jibu mdomoni, akaanza kunong'ona. Nduta akamwambia, "Walter, hilo si lako." Darasa likacheka kidogo, likatulia. Mama Nduta, mimi nimefundisha tangu kabla mwanao hajazaliwa na sijawahi kungoja namna ile. Nilitamani nimsaidie Rosa mwenyewe. Rosa akasema neno la kwanza. Akanyamaza. Akasema la pili, akalikosea, akarudi.

Bwana Mburu aliangalia saa. Akaandika. Akaangalia simu. Kisha akasimama, akamwonyesha Nduta kwa mkono kwamba aendelee tu, akatoka. Ana shule nyingine mbili za kukagua, alimwambia mwalimu mkuu.

Gari lake lilipokuwa likigeuka uwanjani, Rosa alikuwa ameinuka na kwenda ubaoni, kidole kwenye chaki, na akaisoma sentensi yote, "Samaki wa babu walikauka kabla ya mvua." Watoto walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza nani ameumia.

Nduta amepewa thelathini na nane. Ameandikiwa hivi: hakuzingatia muda, alimshughulikia mwanafunzi mmoja, hakukamilisha somo. Atarudia mazoezi muhula wa tatu.

Nimempigia Bwana Mburu, nimemwandikia, nimegonga meza ya mwalimu mkuu mpaka kikombe kikaanguka. Wanasema alama haziwezi kufutwa mara ya pili. Ni mimi niliyemfanya afute zile za kwanza. Ningenyamaza siku ile, mwanao angekuwa amefaulu leo. Hilo najua, na sitaki ulitafute mwenyewe ndipo uniambie.

Nasike


Kibuye, Kisumu
21 Julai 2025

Kwa Bwana Mburu, mkaguzi,

Hunijui. Mimi ni Waithira, mama yake Nduta uliyempa thelathini na nane.

Niliposikia jina lako mwezi wa sita nilifurahi sana, wacha nikuambie ukweli. Nilisema mtoto wangu ana mtu. Nilikuwa nimeanza kuuliza mama yako ni nani, nimpelekee viazi. Sasa sitaki kumjua, ingawa naamini yeye ni mtu mzuri na hana makosa.

Uliona darasa la uwongo ukatoa themanini na mbili, ukasema hujaona kama hilo mwaka mzima. Hilo la uwongo nililipanga mimi hapa kwa meza yangu, mimi wa darasa la sita ambaye sijawahi kushika chaki, na wewe mwenye digrii ulinunua bila kubonyeza. Halafu ukaonyeshwa darasa la kweli ukaangalia saa. Mtoto alikuwa amefungua mdomo, Bwana! Umesomea kazi hiyo miaka mingapi usijue kwamba mtoto akifungua mdomo hivyo mtu hasimami? Hata mimi ningekaa. Hata mteja wangu mwenye haraka kabisa angekaa.

Mwalimu Nasike amesoma barua hii kabla sijaituma. Nilimpelekea mwenyewe, tukala kwake, akanipikia ile omena kwa sababu mimi sijui. Amesema nipunguze ukali. Mimi nimeuongeza, na yeye ameweka sahihi hapa chini. Nduta hajui, akijua atanikasirikia, na wakati huu akasirike tu.

Sikuombi alama. Nimewaambia Kibuye wote, na Mama Wendy nimemwambia wa kwanza, nikamwangalia machoni: Nduta amefeli, anarudia. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yote, na ilinichukua asubuhi nzima kwa sababu watu walikuwa wanaendelea kujaa mezani na kila aliyekuja alitaka nianze tena mwanzo.

Muhula wa tatu atakuwa shule ile ile, darasa lile lile. Amekataa kupelekwa kwingine. Uje. Mwalimu Nasike anasema mayai hakuna, kula nyumbani kwako. Na usitafute kiti cha nyuma. Chako tumekiweka mbele, kando ya Rosa, upande wa ukutani, na ukitaka kutoka kabla ya kengele itabidi umwombe yeye akupishe.

Waithira, mama yake Mwalimu Nduta

Na mimi, Nasike Waliaula, mwalimu mlezi